Chupa saba, fangasi wawili

Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu, basi nianze nalo. Mgonjwa wa miaka 26 alikuja na vipele kwenye paji la uso na kifuani. Nilivitazama kwa mbali, nikaandika "chunusi", nikampa antibiotiki ya doksisaiklini kwa wiki nne na jeli ya benzoili peroksaidi. Sikuvigusa. Sikuuliza kama vinawasha. Wiki ya tano alirudi vikiwa vimeongezeka, anajikuna huku anaongea, na kiunoni kuna kitu ambacho siku ya kwanza hakunionyesha: duara lenye ukingo ulioinuka, upana wa sentimita nne hivi.

"Daktari, vidonge nilimaliza vyote," alisema. "Ila mimi tangu mwanzo nilidhani ni fangasi, nikawa najitibu pia kwa vipodozi." Akafungua mfuko, akapanga chupa saba mezani kwangu. Kila chupa ilikuwa na hoja yake, maana alikuwa amesoma. Kiambato kikuu cha kila moja alishakiona kimetajwa kwamba kinaua fangasi. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Kama vyote hivi vinawaua, mbona ndiyo kwanza wananawiri?"

Yale yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili. Swali lake nimeliacha lilivyo, kwa sababu ndilo lililonifanya nimtazame upya.

Safari hii niliwasha taa na kusogea. Vipele vya paji vilikuwa vidogo na vinalingana mno, kama vimetolewa kwenye kalibu moja, vingine vikiwa na usaha kileleni. Chunusi halisi ni mchanganyiko: kuna vichwa vyeusi, vichwa vyeupe, kubwa zenye maumivu na ndogo zinazochomoza tu. Hapa hapakuwa na kichwa cheusi hata kimoja. Vinawasha. Na vimechachamaa baada ya antibiotiki, dawa ambayo hupunguza bakteria wanaogombea nafasi na fangasi kwenye ngozi. Ukiyaweka pamoja hayo yote, jina linalokuja ni uvimbe wa vitundu vya vinyweleo unaoletwa na Malassezia, ile hali ambayo wengi mtandaoni huiita chunusi za fangasi ingawa si chunusi.

Kitu kimoja kilinitatiza. Malassezia hupenda sana mgongo wa juu, lakini mgongo wake ulikuwa karibu safi. Nilimuuliza anaoshaje nywele. Husimama chini ya maji, akasema, anainua uso juu ili povu lisimwingie machoni, nalo linateremka mgongoni. Chupa ya saba pale mezani ilikuwa shampuu ya mba. Nikaiweka kando.

Lile duara la kiunoni lilikuwa na sura ya choa, ila ukingo wake ulikuwa laini kupita kawaida, bila magamba. Choa isiyo na magamba hunifanya niulize kuhusu krimu za steroidi, maana hizo hutuliza wekundu na muwasho huku fangasi akiendelea kutambaa chini kwa chini, hata sura ya ugonjwa inapotea. Hakuwa ametumia. Nikamwomba avue viatu. Alishangaa, lakini akavua. Kati ya kidole cha nne na cha tano cha mguu wa kushoto ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa na kupasuka. "Hiyo ni ya siku nyingi," akasema, "wala haiumi." Taulo lake ni moja, la miguu na la mwili.

Tulikwangua sehemu tatu. Kipimo chenyewe ni cha kizamani na bado hakijapata mshindani kwa wepesi: magamba yanawekwa kwenye kioo, yanadondoshewa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, keratini inalainika na kuwa angavu, na fangasi anabaki anaonekana kwa sababu ukuta wa seli zake una kitini, ambayo haitikiswi na kemikali hiyo. Usaha wa kipele cha paji ulionyesha vichane vya hamira za duara zinazochipua. Ngozi ya vidoleni ilikuwa na nyuzi ndefu zenye matawi. Kiunoni hatukuona kitu. Nilimwomba asipake chochote pale kwa wiki moja, magamba yakarudi, tukakwangua tena, na nyuzi zikaonekana. Baada ya wiki tatu maabara ilituma majibu ya kuotesha: Trichophyton rubrum, kwenye kidole na kiunoni, koloni jeupe kama pamba juu na jekundu la zambarau chini.

Kwa hiyo alikuwa na fangasi wawili, na hawa wawili wanahusiana kwa jina la "fangasi" tu. T. rubrum anakula keratini, ile protini ngumu ya tabaka la nje la ngozi, kucha na nywele. Ana vimeng'enya vya kuivunja, na hutambaa kutoka katikati kwenda pembeni akitafuta ngozi ambayo hajaila. Ndiyo maana ya duara. Malassezia ni hamira inayoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima bila kumsumbua. Keratini haimshughulishi. Yeye anakula mafuta, na anayahitaji kwelikweli, kwa sababu hana jeni za kujitengenezea asidi za mafuta. Anazopendelea ni zile zenye mnyororo wa kaboni 11 hadi 24. Namba hizo ziweke akilini, tutazirudia kwenye chupa moja.

Sasa chupa zenyewe.

Aliyoiamini kuliko zote ilikuwa tona ya asidi salisiliki asilimia 2, na imani hiyo ina mizizi. Marhamu ya Whitfield, yenye jina la Arthur Whitfield, daktari wa ngozi wa Uingereza aliyefanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20, ina asidi benzoiki asilimia 6 na asidi salisiliki asilimia 3, na ilidumu miaka mingi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini ndani ya marhamu hiyo kazi zimegawanywa. Benzoiki ndiyo inayomdumaza fangasi. Salisiliki inabandua tabaka la juu, nyumba ya fangasi inamomonyoka, na mwenziwe anapata njia ya kupenya. Tona imemchukua mbanduaji ikamwacha mpiganaji.

Kiunoni kwa mgonjwa huyu tona ilifanya kazi yake barabara, na hapo ndipo ilipoleta balaa. Ilibandua magamba ya ukingo, duara likafifia, naye akaamini linapona huku likipanuka taratibu. Magamba hayohayo ndiyo sisi tunayoyahitaji kwenye kioo. Tona ilimdanganya yeye kwa jicho, ikanidanganya mimi kwa darubini.

Jeli ya kuoshea uso ilijitangaza kwa mafuta ya mti wa chai. Huu si mchai tunaoujua. Ni Melaleuca alternifolia, mti wa Australia, na nguvu ya mafuta yake iko zaidi kwenye kiini kiitwacho terpineni-4-oli, ambacho hutoboa utando wa seli ya fangasi hadi vilivyomo vikavuja. Hiki ni kiambato ambacho kimewahi kujaribiwa kwa wagonjwa, siyo kwenye sahani za maabara peke yake. Mwaka 1992 watu 104 wenye fangasi ya miguu waligawanywa katika makundi: krimu ya mafuta hayo kwa asilimia 10, krimu ya tolnafteti, ambayo ni dawa ya fangasi, na krimu isiyo na dawa. Dalili zilipungua kwa waliotumia mafuta. Lakini walipooteshwa ngozi zao, fangasi alikuwa ametoweka kwa asilimia 85 ya kundi la tolnafteti, 30 ya kundi la mafuta na 21 ya kundi lisilo na dawa. Yaani muwasho ulipoa, fangasi akabaki. Jaribio la mwaka 2002 likapandisha kiwango hadi asilimia 25 na 50, kwa watu 158, na hapo mambo yakabadilika: waliotumia ya asilimia 50 walipona kimaabara kwa asilimia 64, dhidi ya 31 ya wasiopewa dawa.

Kiambato ni kilekile, majibu ni tofauti, na kilichobadilika ni kiasi. Jeli yake ilikuwa na kiasi gani? Haikuandikwa, lakini orodha ya viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na vile vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kufuatana kwa mpangilio wowote. Mafuta ya mti wa chai yalikuwa nyuma ya manukato. Tena ni jeli ya kuosha: inakaa usoni nusu dakika, kisha inaenda na maji. Kwa upande mwingine, mtu akisema basi apake yale makali ya asilimia 50 usoni, nitamzuia kwa nguvu zote. Mafuta hayo yakizeeka na kukutana na hewa huleta mzio wa ngozi, na ngozi ya paji si ngozi ya unyayo.

Seramu ya niasinamaidi asilimia 10 nitaipita haraka. Ni kweli kwamba kwa kiwango kikubwa niasinamaidi humkwamisha fangasi mwingine, Candida albicans, maabara, kwa kuzuia kimeng'enya anachokihitaji kutunza DNA yake. Ni utafiti mzuri wa biolojia. Si tiba ya choa, na wala Candida hakuwa mmoja wa wageni wetu.

Krimu ya asidi azelaiki asilimia 10 ndiyo ina hadithi ninayoipenda. Miaka ya 1970 watafiti wa Italia walikuwa wanahangaika na swali la mabaka meupe yanayoachwa na Malassezia mgongoni na kifuani: kwa nini ngozi inapoteza rangi pale? Waligundua kwamba hamira hiyo inaweza kuchukua asidi za mafuta na kuzigeuza kuwa asidi nyingine fupi zenye ncha mbili za asidi, mojawapo ikiwa azelaiki, yenye kaboni tisa. Asidi hiyo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Kutoka hapo ikaingia kwenye tiba ya chunusi na madoa meusi, ambako madaktari huiandika kwa asilimia 15 au 20. Kwa maneno mengine, kiambato kinachouzwa leo kama adui wa fangasi kilijulikana kwetu kupitia fangasi mwenyewe. Maabara inaonyesha kwamba kwa viwango vikubwa, na hasa mazingira yakiwa ya asidi, huzuia fangasi kadhaa wakiwemo wa choa. Kwenye paji lake haikuwatibu. Haikuwalisha pia, na hilo peke yake linaitofautisha na chupa nitakayoifikia sasa hivi.

Losheni ya mwili ilikuwa na propileni glaikoli, kiyeyushi kinachovuta maji. Mwaka 1980 kilijaribiwa Sweden kwa mabaka ya Malassezia, kikiwa asilimia 50 ndani ya maji, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, na kilifanya kazi vizuri. Katika losheni ya kawaida huwa ni asilimia chache tu, kwa kazi ya unyevu. Tofauti ya dawa na kiyeyushi hapo ni kipimo.

Chupa ya sita ndiyo niliyoishika muda mrefu zaidi. Mafuta mazito ya usiku: nazi na zeituni, hakuna kingine. Alikuwa akiyapaka usoni na kifuani kila usiku kabla ya kulala. Hoja yake ilikuwa asidi lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, na ambayo kweli ikiwa huru huvuruga utando wa fangasi. Tatizo ni neno "huru". Ndani ya chupa haiko huru. Imefungwa tatu tatu kwenye gliseroli, kama ilivyo katika mafuta yoyote ya mmea. Malassezia ana vimeng'enya vya kukata vifungo hivyo, na anachokipata ni mnyororo wa kaboni 12. Zeituni ni asidi oleiki kwa sehemu kubwa, mnyororo wa 18. Zote zimo ndani ya zile 11 hadi 24.

Nikamweleza jambo moja la maabara. Lishe ya kawaida ya kuoteshea fangasi, ile ya Sabouraud, haimtoshi Malassezia furfur, hamei. Fundi wa maabara anayemtaka amee hummwagia mafuta ya zeituni juu ya sahani.

Alinyamaza kidogo. "Yaani nilikuwa nawapikia," akasema.

Nisizidishe: ngozi si sahani, na wako watu wengi wanaopaka mafuta hayohayo maisha yao yote bila kipele. Lakini mtu ambaye tayari ana uvimbe wa Malassezia, mafuta ya mmea usiku kucha mahali palepale hayamsaidii, na mimi nayazuia. Akitaka mafuta, yapo yasiyoliwa: yale ya kaboni 8 na 10, ambayo kwenye orodha ya viambato huandikwa kwa majina ya kapriliki na kapriki, na mafuta ya madini, ambayo si asidi za mafuta kabisa.

Ile shampuu ya mba niliyoiweka kando ilikuwa na zinki pirithioni asilimia 1. Hii huingiza shaba kupita kiasi ndani ya seli ya fangasi na kuharibu protini zenye chuma na salfa ambazo uhai wake unazitegemea. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi tangu Machi 2022 kwa sababu za usalama wa uzazi zilizoonekana kwa wanyama. Kwingineko bado inauzwa. Kwa kisa hiki ilikuwa shahidi wangu bora. Bila mtu yeyote kupanga, mgonjwa alikuwa amefanya jaribio juu ya mwili wake: mgongo uliopata povu ulikuwa safi, paji alilolikinga lilikuwa limejaa. Kati ya chupa saba alizozikusanya kupambana na fangasi, iliyofanya kazi ni ile aliyoinunua kwa ajili ya nywele.

Rudi sasa kwenye swali lake. Wengi wanaposoma kwamba kiambato fulani kinaua fangasi, wanachosoma ni matokeo ya visima vidogo vya maabara. Kiambato kinapunguzwa nusu, kisha nusu ya nusu, hadi kiwe hafifu kabisa, na fangasi anapandwa katika kila kisima. Kiwango kidogo kuliko vyote ambacho bado kimemzuia kuota ndicho kinachoripotiwa. Terbinafini, dawa ya fangasi, humzuia T. rubrum asiye sugu kwa chini ya mikrogramu 0.1 katika mililita moja. Asidi nyingi za vipodozi huhitaji miligramu nzima, au zaidi, kwa mililita hiyohiyo. Hiyo ni tofauti ya mara elfu kumi, na vyote viwili vinaweza kuandikwa kwa sentensi moja isiyo ya uongo: "kinazuia fangasi."

Mgonjwa wangu, ambaye hesabu hazimpi shida, alinibana hapo. Seramu ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, alisema, sasa si inatosha mara mia? Kwa kalamu na karatasi inatosha. Lakini kisimani fangasi anaelea uchi ndani ya dawa kwa siku kadhaa. Ngozini, tone moja linatandazwa likawa utando mwembamba, maji yake yanakauka kwa dakika chache, sehemu yake inanaswa na protini za ngozi, jasho linafanya yake, asubuhi anaoga. Na fangasi haelei. T. rubrum amejichimbia katikati ya keratini, Malassezia yuko ndani ya kitundu cha kinyweleo. Terbinafini ina sifa moja ambayo kisimani haionekani: inashikamana na keratini na kubaki pale kwa siku kadhaa baada ya kuacha kupaka. Kipodozi hakikutengenezwa kwa nia hiyo.

Na kuna mtego mwingine ambao hata wanaofanya majaribio hujikwaa nao. Krimu yoyote yenye maji ina vihifadhi ili isioze, na kabla ya kuuzwa hupaswa kujaribiwa kwa kupandwa vijidudu makusudi, wakiwemo Candida albicans na Aspergillus brasiliensis, kuona kama watakufa. Chukua krimu nzima, weka tone kwenye sahani ya fangasi, uone duara safi kuzunguka tone. Nani kaua? Huenda ni kiambato kilichoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo. Huenda ni fenoksiethanoli iliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma, ambayo kazi yake ni kulinda kopo. Jaribio lisilopima krimu hiyohiyo bila kile kiambato halijajibu lolote. Hata ukubwa wa duara hupotosha, kwa kuwa kitu kinachoyeyuka vizuri au kinachotoa mvuke, kama mafuta ya mti wa chai, husambaa mbali, na kizito kisichosambaa huonekana dhaifu hata kama kina nguvu.

Tiba ilikuwa fupi kuliko maelezo yote haya. Doksisaiklini ilishaisha, na sikuirudia. Kwa vipele nilimpa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, aipake kwenye paji, kifua na mgongo, aiache dakika tano hadi kumi ndipo asuuze, kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Vipele vya namna hii vikiwa vingi au vizito, vidonge vya itrakonazoli au flukonazoli hufika ndani ya kitundu vizuri zaidi, lakini vyake havikuwa vya kiwango hicho na vidonge vyangu vya kwanza vilikuwa vimeshamchosha. Kwa duara na kwa miguu yote miwili, terbinafini ya asilimia 1 mara moja kwa siku kwa wiki mbili, ikivuka ukingo wa duara kwa sentimita mbili, maana fangasi huwa ameshatangulia pale jicho linapoona ngozi nzima. Mguu wa kulia haukuwa na kitu, niliutibu hivyohivyo. Taulo la miguu likawa lake peke yake. Chupa zote saba, likizo.

Wiki ya pili muwasho ulikuwa umeisha. Wiki ya tatu duara lilikuwa doa bapa la kahawia, na kukwangua hakukuonyesha nyuzi. Wiki ya sita paji halikuwa na kipele kipya, ila lilibaki na madoa meusi, ambayo kwa kweli yalimkera kuliko vipele vyenyewe.

Mwezi wa nne alirudi na vipele kumi na viwili, alivihesabu yeye. Ketokonazoli ilikuwa imemkausha uso, nami nilimnyang'anya mafuta ya usiku bila kumpa mbadala, nikidhani losheni yoyote nyepesi itatosha. Haikutosha, akayarudia. Hilo nalihesabu kosa langu la pili. Nilimpa kilainishi chenye mafuta ya madini, tukarudia kuosha kwa wiki mbili, na tangu hapo huosha paji na kifua mara moja kwa wiki. Malassezia hafukuzwi akaondoka moja kwa moja. Ni mkaazi wa ngozi, na lengo ni kumfanya akae kwa adabu.

Chupa zilirudi kazini moja moja. Azelaiki ilirudi ya kwanza, kwa ajili ya yale madoa, na sasa ilikuwa na kazi inayoiweza: kufuta alama za hamira ambayo ndiyo iliyotufunulia asidi hiyo. Niasinamaidi ikaifuata. Tona anapaka puani tu, kwenye vichwa vyeusi viwili vitatu ambavyo ni chunusi kweli. Jeli ya mti wa chai anaipenda harufu yake, sikuwa na sababu ya kumkataza. Losheni yenye glaikoli anaitumia mikononi. Shampuu ya mba anaitumia akiwa ameinama, povu lipite kwenye paji.

Na mafuta ya usiku anapaka kwenye miundi, ambako tezi za mafuta ni chache na Malassezia hana makazi ya maana. Siku hizi akiingia kwangu viatu huvua mwenyewe kabla sijamwambia.